Robert Koch: Alipitia Amani, somo likabaki Sese

KILA mwaka nikifika kwenye mada ya ubongo na mishipa ya fahamu, wanafunzi wangu wa chuo kikuu hutarajia nianze na mchoro ubaoni. Mimi huanza na Muheza. Ukitoka Muheza mjini ukapanda milima ya Usambara Mashariki, unafika Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Hapo alipita Robert Koch, mtu ambaye vijana wengi wanamjua nusu.

Nusu wanayoijua ni hii. Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, Ujerumani, akasomea udaktari Göttingen. Akiwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, kwa hadubini yake nyumbani, alionyesha mwaka 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Mwaka 1882 akatangaza bakteria wa kifua kikuu, kisha akawachunguza wa kipindupindu huko Misri na India. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa nusu ya pili. Mwaka huo huo wa 1905 Koch alikuwa Afrika Mashariki, na Amani ilikuwa moja ya sehemu alizofanyia kazi. Alichunguza homa ya papasi, akavikuta vimelea vyake hata ndani ya mayai ya papasi. Mwaka 1906 alirejea na msafara wa kuchunguza malale. Ulianzia Amani, kisha ukahamia visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa umeua maelfu kwa maelfu.

Malale huletwa na mbung'o. Vimelea huanzia kwenye damu, kisha huvuka ukuta unaoukinga ubongo. Mgonjwa hukesha usiku na kusinzia mchana, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Koch aliwadunga wagonjwa Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walipata nafuu, na vimelea vikatoweka kwenye damu. Viliporudi, akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, na hawakuona tena.

Kwa nini macho? Hapo wanafunzi huinua vichwa. Mshipa wa fahamu wa jicho ni sehemu ya ubongo wenyewe. Mshipa wa kidole ukikatwa, waweza kuota tena. Huu wa jicho ukifa, hauoti. Sumu ile ilifika mahali ambapo mwili wa binadamu hauna ukarabati.

Mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliniuliza ni nani aliyewashika mkono wale vipofu kuwarudisha makwao. Sikuwa na jibu. Ninalijua jina la daktari, mji aliozaliwa na tuzo aliyopewa. Majina yao siyajui hata moja.

Ndugu msomaji, simchori Koch kama katili. Ugonjwa ulikuwa hauna tiba, na wagonjwa walimjia kwa mamia wakitafuta uhai. Alipoona upofu, aliiacha dozi ile kubwa. Lakini je, kukosekana kwa tiba kunampa mtafiti ruhusa ya kujaribu lolote juu ya mwili wa mtu? La hasha! Koch huyo huyo alipendekeza wagonjwa watengwe kambini, na serikali ya Kijerumani ikafungua kambi hizo katika nchi yetu. Alifariki Baden-Baden mwaka 1910, akiwa ameheshimiwa sana.

Dawa nyingine ya aseniki iliendelea kutumika kwa malale ya ubongo kwa miongo mingi, nayo iliwaua baadhi ya waliotibiwa. Ni mwaka 2024 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge visivyo na aseniki kwa malale ya Afrika Mashariki.

Leo kituo cha Amani kiko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na makao yake yako Muheza. Watafiti wake ni watoto wetu. Sasa sindano imo mikononi mwetu wenyewe, na mgonjwa bado ni yule yule: mtu wa kijijini anayemwamini daktari. Basi ukiwa na kijana anayesoma sayansi ya ubongo, usimuulize alama tu. Muulize kama mwalimu wake amemwambia habari za Sese.