John Akii-Bua: Bingwa wa Olimpiki aliyeonja maisha ya ukimbizi

Jina la John Akii-Bua lingali hai katika barabara moja ya Kampala na katika uwanja wa michezo wa Lira. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba Mganda huyo wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki aliwahi kuwa mkimbizi.

Alizaliwa mwaka 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia ya chifu aliyekuwa na watoto zaidi ya 40. Aliacha shule mapema, kisha akajiunga na polisi. Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana, na kocha Mwingereza Malcolm Arnold akamwelekeza kwenye mbio za mita 400 kuruka viunzi.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, Akii-Bua alipangiwa njia ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko nyingine zote. Alimshinda bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Alipovuka mstari hakutulia, bali aliendelea kukimbia na kuruka viunzi kwa furaha huku umati ukimshangilia.

Nyumbani, Rais Idi Amin alimtunuku nyumba na cheo. Hata hivyo, Akii-Bua alitoka kabila moja na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na watu wengi wa kabila hilo waliuawa katika miaka hiyo. Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na mataifa mengine ya Afrika, naye akakosa nafasi ya kutetea taji lake. Mmarekani Edwin Moses alishinda huko na kuivunja rekodi yake.

Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya na kuwekwa katika kambi ya wakimbizi. Makazi ya Nakivale, karibu na Rugaaga, yalikuwa yakipokea waliokimbia Rwanda tangu alipokuwa mtoto. Sasa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanaosubiri msaada katika nchi ya wengine.

Umaarufu wake ndio uliomwokoa. Alitambuliwa kambini, na kampuni ya viatu ya Puma ikampeleka Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliiwakilisha tena Uganda mjini Moscow, akaishia nusu fainali.

Baadaye alirejea nyumbani, akarudi katika jeshi la polisi na kuwa kocha. Alifariki Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Waganda walingoja hadi mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London, kuipata dhahabu yao ya pili ya Olimpiki.