Maisha ya Lily Parr, Mwanamuke wa Mupira



Katika numero hii tunataka kuwaelezea maisha ya mwanamuke mumoja aliyekufa zamani, lakini watu wangali wanamutaja. Jina lake ni Lily Parr. Alikuwa muchezaji wa mupira, wa mbele, upande wa kushoto. Tumemuchagua sababu hapa kwetu Annexe, kila mara wasichana wanapoomba kiwanja kisha masomo, hakukosi mutu wa kuuliza kama mupira ni kazi ya mwanamuke. Swali hilo ni la zamani. Kule Uingereza liliulizwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jibu lililotolewa liliumiza wengi.

Lily alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 4, mwaka 1905, katika muji wa St Helens, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mutumishi wa kiwanda cha vioo, na nyumbani walikuwa watoto saba. Lily alishinda inje na ndugu zake wavulana, akicheza nao mupira. Njo pale alizoea kupiga kwa nguvu. Tena alikuwa murefu kupita wenzake.

Wakati wa vita ya 1914-1918, wanaume walienda kupigana, na wanawake wakaingia viwandani kutengeneza risasi na vyombo vya vita. Katika muji wa Preston, kwenye kompani ya Dick, Kerr, wanawake wale walianzisha ekipe yao. Siku ya Noeli 1917 walicheza mbele ya watu 10.000, na feza zikaenda kusaidia askari walioumia. Ekipe hiyo iliitwa Dick, Kerr Ladies.

Mwaka 1919, muongozi wa ekipe, Bwana Alfred Frankland, alimuona Lily akicheza na ekipe ya wanawake ya St Helens. Alikuwa na miaka 14 tu. Bwana huyo alimuita Preston, akamupatia kazi, na shilingi 10 kwa kila mechi. Basi muguu wa kushoto ukaanza kumulisha. Mwaka wake wa kwanza alifunga magoli 43.

Tarehe 26 mwezi wa 12, 1920, walicheza Liverpool, kwenye kiwanja cha Everton. Watu 53.000 waliingia, na maelfu wengine walibaki inje, nafasi ilikuwa imekwisha. Mara hii tena feza zilienda kwa wenye shida. Mutu angefikiri kwamba wakubwa wa mupira wangefurahi.

Hapana. Tarehe 5 mwezi wa 12, 1921, wakubwa hao, wanaoitwa FA, walikataza viwanja vyote vya kundi lao kupokea mechi za wanawake. Walisema kwamba muchezo huu haufai kwa mwanamuke, tena kwamba feza zingine hazifiki kwa maskini. Tuelewe muzuri: hawakukataza mwanamuke kupiga mupira. Walifunga tu milango ya viwanja. Lakini ni sawa na kumuambia mama apike, kisha unamunyanganya mbabula. Ekipe nyingi zilikufa. Lily alikuwa na miaka 16.

Yeye na wenzake hawakuacha. Mwaka 1922 walivuka bahari. Wakubwa wa mupira wa Canada waliwakatalia, basi wakaingia Marekani, wakacheza na ekipe za wanaume. Walishinda zingine, walipoteza zingine. Kisha kurudi, Lily akawa mutunza-wagonjwa kwenye hospitali ya Whittingham, hospitali ya watu wenye ugonjwa wa akili. Wakati wa kazi alitunza wagonjwa, wakati wa kupumzika alivaa viatu vya mupira. Alicheza kwenye viwanja vidogo vya pembeni mupaka mwaka 1951, akiwa na miaka 46. Wengi wanahesabu magoli yake kupita 900.

Sasa tunafika kwa neno lenye uchungu. Ile milango ilibaki imefungwa karibu miaka 50. Ilifunguliwa kabisa mwaka 1971, na Lily alikuwa mutu muzima wa miaka zaidi ya 65. Alikufa kwa kansa tarehe 24 mwezi wa 5, 1978. Mwaka 2002 nyumba ya makumbusho ya mupira ya Uingereza iliandika jina lake kati ya wachezaji wakubwa, yeye wa kwanza kati ya wanawake, na mwaka 2019 sanamu yake ilisimamishwa kule Manchester. Heshima ilifika wakati mwenyewe hayuko tena kuipokea.

Katika Matayo 25 tunasoma juu ya mutumishi aliyefukia talanta yake katika udongo. Sisi tunafikiri Lily hakufukia yake hata siku moja. Ni wengine walitaka kumufukilia. Na kwa mafundisho yetu, yule anayefukia talanta ya mwenzake hatapata jibu jepesi mbele ya Bwana.

Hapa kwetu Lubumbashi, mwezi wa 11, 2024, wanawake wa TP Mazembe walipata kombe la ekipe bingwa za Afrika, kwa kushinda AS FAR ya Maroko goli 1 kwa 0. Wale nao walianza mahali fulani, kwenye kiwanja ambacho mutu alikubali kuwaachia.

Basi, wandugu wavulana, na ninyi wakubwa mnaopanga saa za kiwanja: wasichana wanaomba saa moja tu, siku mbili kwa juma. Tusiwangojeshe miaka 50.