Mama Bethune na Pai za Viazi

Mary McLeod Bethune alizaliwa mwaka wa 1875 huko South Carolina, Marekani, mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Shuleni alikwenda kwa miguu, na jioni aliwafundisha ndugu zake aliyoyasoma.

Mwaka wa 1904 alifungua shule ya wasichana huko Daytona akiwa na dola 1.50 tu! Wasichana walikuwa watano. Wino waliukamua kwenye matunda ya mwituni, penseli zilikuwa vijiti vilivyochomwa. (Nasi tunalalamikia chaki!) Pesa alizitafuta kwa kuuza pai za viazi vitamu. Baadaye, pamoja na wenzake, alianzisha kampuni ya bima. Mjukuu wake alimlea kama mwanawe.

Alifariki 1955, akazikwa pale pale shuleni, ambapo sasa ni chuo kikuu.