Karoli Lwanga na majivu ya Namugongo

KILA ifikapo Juni 3, barabara ziendazo Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, hufurika watu. Wengine huwa wametembea kwa miguu kwa siku nyingi, kutoka pembe zote za Uganda na hata Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Hawafuati kaburi, kwani kaburi halipo. Wanakifuata kipande cha ardhi ambacho juu yake kijana mmoja wa Kiganda aliteketezwa polepole hadi akawa majivu.

Kijana huyo ni Karoli Lwanga. Alizaliwa yapata mwaka 1860, na akaingia katika utumishi wa ikulu ya Buganda mwaka 1884, mwaka ambao Kabaka Mutesa I alifariki dunia na mwanawe, Mwanga II, akashika kiti. Lwanga alisifika kwa nguvu na kwa mieleka, na haikuchukua muda akakabidhiwa usimamizi wa watumishi vijana.

Dini aliyoifuata ilikuwa ngeni. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakawafuata mwaka 1879 kwa njia ya misafara ya pwani, kupitia Tabora na Ziwa Victoria. Waislamu walikuwa wamekwisha kutangulia. Mwanga, aliyekuwa bado kijana, aliona utii wa watu wake ukigawanyika, huku habari za Wazungu kujitwalia nchi zikimfikia kutoka pwani. Ukatili wake hauna utetezi, lakini hofu yake haikuwa ya bure.

Oktoba 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi na Mkatoliki, alimkemea Mwanga kwa kitendo hicho, naye akauawa Novemba 15. Siku hiyo hiyo Lwanga aliomba ubatizo, akaupata. Mtu mwingine angetoroka. Yeye alichukua nafasi ya Mukasa, akaendelea kuwafundisha vijana sala na kuwakinga na yale matakwa ya Kabaka ambayo imani yao iliyakataa.

Kishindo kilikuja Mei 1886, ikulu ilipokuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Usiku wa kuamkia hukumu, akijua hakuna padri atakayewafikia, Lwanga aliwabatiza mwenyewe wakatekumeni waliokuwa naye, akiwamo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi. Kulipopambazuka walitakiwa kuchagua kati ya sala na uhai. Hawakuikana dini yao, wakafungwa kamba na kuswagwa hadi Namugongo.

Namugongo ilikuwa machinjio ya watu tangu zamani, mahali palipoogopwa. Huko walikaa kifungoni takriban juma moja kuni zikikusanywa. Juni 3, sikukuu ya Kupaa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto uliowashwa kuanzia miguuni ili mateso yarefuke. Wengine, Wakatoliki na Waanglikana, walizungushiwa matete na kuchomwa pamoja kwenye tanuru moja lililokuwa mbele kidogo.

Kati ya 1885 na 1887 waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Papa Benedikto XV aliwatangaza Wakatoliki hao kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Mwaka 1969 Paulo VI alikwenda mwenyewe Namugongo, akiwa papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika kusini mwa Sahara. Basilika iliyofunguliwa mwaka 1975, yenye umbo la nyumba ya msonge na nguzo 22, imejengwa pale alipofia Lwanga.

Waanglikana nao wana madhabahu yao, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwenye eneo la lile tanuru. Hivyo waliokufa katika moto mmoja huadhimishwa siku moja katika viwanja viwili, na mahujaji hugawanyika njiani. Papa Fransisko alipofika Novemba 28, 2015, alianzia kwa Waanglikana kabla ya kwenda kwenye Basilika.

Mwanga aliondolewa madarakani na Waingereza, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Alifia huko mwaka 1903, akiwa amekwisha kubatizwa na kuitwa Danieli.