Jemadari Carl von Clausewitz

Carl von Clausewitz alizaliwa mwaka 1780 katika mji mdogo wa Burg, katika ufalme wa Prussia, ambao baadaye ulikuwa sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa askari wa zamani aliyejeruhiwa vitani, na riziki yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mtoto hakupata masomo mengi. Alipotimia miaka 12 alitiwa jeshini, na mwaka 1793 aliona kwa macho yake mji wa Mainz ukizingirwa na kuungua moto.

Mwaka 1801 aliingia chuo cha maofisa huko Berlin. Mwanzoni masomo yalimlemea, akakaribia kukata tamaa, kwani wenzake walikuwa wamemtangulia kwa elimu. Lakini mwalimu wake, Scharnhorst, aliitambua akili yake akamtia moyo, hata akawa wa kwanza katika wanafunzi wote.

Mwaka 1806 Napoleon, Kaisari wa Ufaransa, alilishinda jeshi la Prussia, na Clausewitz akachukuliwa mateka. Aliporudi kwao, alimsaidia Scharnhorst kulitengeneza jeshi upya.

Lakini mwaka 1812 mfalme wa Prussia alifanya mapatano na Napoleon, akampa askari wa kwenda kupigana na Warusi. Clausewitz akaingia katika mashaka makubwa. Akimtii mfalme, atamsaidia adui wa nchi yake. Akimwacha, ataitwa mhaini. Akajiuzulu, akaenda kutumika katika jeshi la Urusi, ingawa lugha ya Kirusi hakuijua. Mwisho wa mwaka ule alikuwa mmoja wa wajumbe waliopatana na jemadari Yorck wa Prussia huko Tauroggen, na jeshi la Yorck likaacha kumpigania Napoleon. Hata hivyo mfalme hakumsamehe upesi, wala hakumrudisha jeshini mpaka mwaka 1814.

Tangu mwaka 1818 Clausewitz alikuwa mkuu wa chuo cha vita cha Berlin. Kazi yake ilikuwa ya usimamizi, si ya kufundisha; basi nafasi aliyoipata aliitumia kuandika kitabu juu ya vita. Alionyesha kwamba vita si jambo la kusimama peke yake, bali ni chombo cha serikali, na asiyejua anataka nini asianze kupigana. Tena alieleza kuwa vitani hata jambo jepesi huwa zito, kwa sababu ya hofu, uchovu na habari zisizo za hakika. Aliandika na kusahihisha kwa miaka mingi, wala hakuridhika.

Mwaka 1830 aliitwa tena kazini, akazifunga karatasi zake kwa lakiri. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia nchini, naye akafa mjini Breslau tarehe 16 Novemba 1831, akiwa na umri wa miaka 51. Kitabu kilikuwa hakijakamilika.

Mkewe, Marie, hakukubali kazi ile ipotee. Alizifungua karatasi, akazipanga kwa msaada wa ndugu na rafiki, akaanza kuzichapisha mwaka 1832. Kitabu hicho kimesomwa katika vyuo vya vita vya mataifa mengi. Hivyo mtoto aliyekosa masomo akawa mwalimu wa majemadari, kwa bidii yake, kwa wema wa mwalimu wake, na kwa uaminifu wa mkewe.