Tom Mboya na Karo ya Chuo Kikuu: Maisha ya Kiongozi kama Somo la Uraia

Utangulizi

Miongoni mwa njia za kufundisha uraia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, njia ya kusimulia maisha ya mtu mashuhuri ina nafasi ya pekee. Mtoto wa miaka 12 haelewi kwa urahisi habari za kodi, bajeti na sera. Lakini huelewa upesi habari za kijana aliyefaulu mtihani, kisha akakosa karo. Makala haya yanayatazama maisha ya Thomas Joseph Mboya, aliyezaliwa 1930 na kufariki 1969, ili kumsaidia mwanachuo kulifikisha darasani swali ambalo nchi nyingi bado zinalijadili: je, yafaa serikali imlipie karo ya chuo kikuu kijana asiyeweza kujilipia? Kwanza tutasimulia maisha yenyewe, kisha tutayapima mafunzo yake, na mwisho tutaeleza namna ya kuliendesha somo.

Utoto na masomo

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, akaja kufanya kazi ya unyapara katika shamba hilo la mlowezi. Hivyo mtoto huyo wa ukoo wa ziwani alikua kati ya watoto wa Kikamba na wa Kikuyu, akajifunza lugha zao. Jambo hilo lilimfaa sana baadaye alipowaongoza wafanyakazi wa makabila mbalimbali mjini Nairobi.

Masomo yake ya mwanzo aliyapata katika shule ya misheni ya Kabaa, Machakos. Vifaa vilikuwa haba, na watoto walijifunza kuandika herufi mchangani kwa vidole. Kutoka huko alipelekwa Yala, upande wa Nyanza, na mnamo 1946 akaingia shule ya Mang'u, iliyokuwa mojawapo ya shule chache za sekondari za Waafrika nchini Kenya. Alifaulu vema kiasi cha kustahili kuendelea hadi mtihani wa Cambridge. Hata hivyo, mshahara wa nyapara haukutosha. Nyuma yake walikuwapo wadogo zake waliohitaji nao kusoma, na baba hakuweza kuwalipia wote kwa pamoja. Kijana akauacha mlango huo, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa shilingi.

Bwana afya na kiongozi wa wafanyakazi

Mwaka 1948 Mboya alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya, ambayo hayakumdai baba yake karo. Alihitimu 1950, akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi kuwa bwana afya. Humo kazini aliona jinsi Mwafrika alivyolipwa sehemu ndogo tu ya mshahara aliopewa Mzungu kwa kazi ile ile. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake katika chama, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya akiwa na umri wa miaka 23 tu.

Katika miaka ya 1955 na 1956 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi. Huo ndio mwaka mmoja tu wa masomo ya juu alioupata, wala hakutunukiwa shahada. Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ndio wa kwanza kuwaruhusu Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Akashinda.

Safari za ndege

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 uhuru ulikuwa ukikaribia, na Mboya alijiuliza ni nani watakaoshika kazi za daktari, mhandisi na mhasibu siku ile utakapofika. Chuo kikuu kilichotegemewa na Afrika Mashariki kilikuwa Makerere, Uganda, nacho kilikuwa na nafasi chache mno. Wakoloni, kwa upande wao, walizidharau shahada za Marekani, hata hawakuona sababu ya kugharimia vijana wakazisomee.

Wakati huo huo vijana wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha kuandika barua kwa vyuo vya Marekani na kukubaliwa. Baadhi ya vyuo hivyo vilikuwa tayari kuwasamehe karo. Kilichokosekana ni nauli na fedha za kujikimu. Kwa mzazi mwenye ekari mbili za mahindi, nauli ya ndege hadi New York ilikuwa sawa na ndoto.

Mboya alizuru Marekani 1959 akazungumza katika vyuo na makanisa, akieleza haja hiyo. Kwa msaada wa rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman, uliundwa mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Watu mashuhuri watatu, yaani mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Huku nyumbani nako wazazi na majirani walifanya michango vijijini. Mnamo Septemba 1959 ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda New York.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka, na walikuwamo pia vijana wa Tanganyika, Uganda na nchi nyingine jirani. Gharama zikapita uwezo wa mfuko. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa msaada, ikakataa. Basi tarehe 26 Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na taasisi ya ukoo wa Kennedy ikakubali kutoa dola 100,000. Kennedy alikuwa akigombea urais dhidi ya Makamu wa Rais Richard Nixon. Mara habari zilipofika upande wa pili, wizara ile ile iliyokataa ikageuka na kuahidi kiasi kama hicho cha fedha. Mwanachuo aitazame sana sehemu hii ya kisa. Watoto wa wakulima walipata nauli kwa kuwa katika mwaka huo wa uchaguzi wagombea wawili walishindania kura.

Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesaidiwa kwa njia hiyo. Mmoja wao alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda Kansas 1960 kusomea biolojia, na ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Lawama nazo hazikukosekana. Wapinzani wa Mboya walidai kuwa uchaguzi wa wanafunzi ulipendelea watu wake, na baadhi ya vijana walifika ugenini wakiwa na fedha zisizotosha hata muhula mmoja.

Waziri na swali la mikopo

Kenya ilipopata uhuru 1963, Mboya alikuwamo katika serikali, na tangu 1964 alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Sasa mwombaji wa jana alikaa upande wa wenye kuombwa. Serikali mpya ililipia masomo ya wanafunzi wa chuo kikuu, kwa kuwa taifa liliwahitaji haraka. Lakini fedha zilikuwa zile zile zilizotakiwa kujenga madarasa, zahanati na barabara.

Waraka Namba 10 wa 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, uliotayarishwa chini ya wizara yake, ulikubali lengo la elimu ya bure. Hata hivyo ulitambua uhaba wa mali, ukatoa wazo kwamba msaada wa elimu ya juu ugeuzwe kuwa mkopo, ili anayefaidi kwa kupata mshahara mkubwa arudishe, na wengine wasome kwa fedha hizo hizo. Mboya hakuishi kuliona wazo hilo likitekelezwa. Aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, akazikwa Rusinga. Mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu ulianza Kenya mwaka wa masomo 1974/75. Wakopaji wengi hawakulipa, na mwaka 1995 ikaundwa bodi maalumu kwa sheria ya Bunge ili kutoa mikopo na kuidai. Tanzania nayo ilitunga sheria ya bodi ya namna hiyo mwaka 2004.

Mafunzo ya maisha haya

Maisha ya Mboya yanatuonyesha mambo matatu. La kwanza, hisani hufungua mlango lakini haiwezi kuuweka wazi. Mfuko wa marafiki uliwasafirisha mamia, lakini uliyumba kila mwaka, na ulitegemea upepo wa siasa za nchi nyingine. Chombo chenye uwezo wa kuahidi msaada leo na kuutoa tena baada ya miaka 20 ni serikali. Kwa hiyo serikali haina budi kumlipia kijana asiye na uwezo.

La pili, fedha za serikali zina wenyewe. Hutoka kwa mchuma chai, mvuvi na mchuuzi wa sokoni, ambao wengi wao watoto wao hawataingia chuo kikuu. Msomi aliyelipiwa nao ana deni kwao, awe atalilipa kwa fedha au kwa utumishi. Aidha, msaada huo apewe mhitaji kwanza, kwani kumlipia mtoto wa tajiri kwa kodi ya maskini ni dhuluma.

La tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi walimu wa msingi. Mboya mwenyewe alikwamia sekondari, miaka mingi kabla ya lango la chuo kikuu. Mkopo wa chuo kikuu haumfikii mtoto aliyeacha shule darasa la tano ili achunge mbuzi. Nchi inayolipia juu na kusahau chini huezeka nyumba isiyo na kuta.

Namna ya kuliendesha somo

Somo hili lafaa vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza mwalimu asimulie maisha kwa ufupi, akitumia ramani kuonyesha Kilima Mbogo, Yala, Nairobi na New York, pamoja na mstari wa miaka ubaoni. Wanafunzi waandike herufi mchangani nje ya darasa, ili waonje hali ya Kabaa.

Katika kipindi cha pili darasa ligawanywe makundi matatu: wazazi wa kijana aliyefaulu, wanakijiji wasio na mtoto chuoni, na maofisa wa hazina. Mwalimu ataje kiasi fulani cha fedha za kubuni, kisha kila kundi litetee matumizi yake: kumsomesha mmoja chuo kikuu, kujenga darasa, au kugawanya. Hesabu zifanywe ubaoni, ili hoja isimame juu ya tarakimu. Mwalimu asitangaze jibu mapema, bali aulize maswali yanayolilazimisha kila kundi kusikia la mwenzake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Darasani watakuwamo watoto ambao nyumbani kwao karo ni jambo la machozi. Mwalimu asiulize nani hajalipa, wala asimtaje mtoto yeyote kuwa mfano wa umaskini. Badala yake, baada ya kipindi, awachunguze kwa upole wale walioanza kukosa shule, azungumze na wazazi wao, na awaeleze misaada ya masomo iliyopo katika eneo lao. Mtoto akiokolewa hapo, swali la karo ya chuo kikuu litakuja kumhusu.