Edmond Becquerel na Umeme wa Jua

Ukipita Dodoma mjini, au katika vijiji vya Kondoa, Bahi na Mpwapwa, utaona juu ya mapaa ya mabati vibao vya kioo vyenye rangi nyeusi au buluu. Hizo ni paneli za sola. Elimu iliyozizaa ilianzia mbali na huku, kwa kijana mmoja wa Kifaransa.

Edmond Becquerel alizaliwa mjini Paris tarehe 24 Machi, 1820. Baba yake alikuwa mtaalamu wa umeme, na Edmond alijifunza kazi katika maabara ya baba yake. Mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 19 tu, alitumbukiza vibamba vya platini, vilivyopakwa kloridi ya fedha, ndani ya maji yenye tindikali. Akaviunganisha kwa waya na kifaa cha kupimia umeme. Kibamba kimoja kilipomulikwa, umeme ulipita. Hapakuwa na moto wala betri. Mwanga ndio uliousukuma.

Umeme huo ulikuwa mdogo mno, usiotosha kuwasha taa hata moja. Becquerel aliendelea kuchunguza mwanga maisha yake yote. Alifariki mwaka 1891, bila kuona nyumba yoyote ikipata taa kutokana na ugunduzi wake. Mwaka 1954 ndipo wataalamu wa maabara za Bell, Marekani, walipotengeneza seli ya silikoni iliyogeuza kiasi cha asilimia 6 ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Paneli nyingi za leo hupita asilimia 15.

Sasa tazama paa la duka lenye sola. Mwanga hupiga seli za silikoni, na chembe ndogo ziitwazo elektroni huanza kutembea. Huo ndio mkondo wa umeme. Mkondo hushuka kwa waya hadi kwenye kidhibiti, kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi. Betri huhifadhi umeme wa kutumia usiku. Kwa kuwa umeme huo ni mkondo mnyoofu, inveta huugeuza kuwa mkondo geu, ili jokofu na televisheni vifanye kazi.

Pengine wewe hudhani kwamba joto la jua ndilo linaloleta umeme huu. Sivyo. Paneli ikipata joto kali hutoa umeme pungufu kidogo. Ndiyo sababu fundi huacha nafasi kati ya paneli na bati, upepo upite. Tena, Dodoma iko kiasi cha digrii 6 kusini mwa ikweta, na kwa miezi mingi jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo fundi huiinamisha paneli kuelekea huko.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, vumbi hutanda juu ya kioo na kuzuia mwanga. Mtu mzima hupanda na kupangusa paneli kwa kitambaa chenye maji, asubuhi, kabla kioo hakijapata moto.